Jinsi ya Kuandaa Likizo ya Kiangazi ya Familia Katika Nyumba ya Ziwani, Kaskazini ya Mbali

Anza na kalenda. Familia nyingi zinazokwenda kupumzika katika nyumba ya mbao iliyo peke yake kando ya ziwa, iwe kaskazini mwa Ontario nchini Kanada au Lapland nchini Ufini, hupendelea mwezi wa Juni kwa sababu mchana ni mrefu mno: hata Helsinki, iliyo kusini kabisa mwa Ufini, hupata karibu saa 19 za jua, na ng'ambo ya Duara la Aktiki, mstari wa ramani unaozunguka kaskazini ya mbali ya dunia, jua halitui kabisa. Lakini mwezi huohuo ndio wa usubi na mbu. Usubi huzaliana katika vijito vyenye maji yaendayo kasi na huuma mchana, ilhali mbu huzaliana katika maji yaliyotuama na hushambulia zaidi jioni, kwa hiyo anayekwenda wakati huo hapati nafasi ya kupumua. Mwenye watoto wadogo ningemshauri asubiri hadi mwisho wa Julai au nusu ya kwanza ya Agosti, wadudu wanapokuwa wamepungua na maji yamepata joto. Ikiwa likizo haiwezi kusogezwa, chukueni nguo za mikono mirefu zenye rangi hafifu, kwa kuwa rangi nzito huvuta usubi, pamoja na kofia za chandarua, dawa ya kupaka ya kufukuza wadudu yenye DEET au pikaridini, na vitambaa vizito vya kuziba madirisha, kwani mtoto hakubali kuwa ni saa ya kulala huku jua likiwaka.

Baada ya hapo mwandikie mwenye nyumba na umuulize maswali ambayo picha hazijibu. Je, barabara inafika mlangoni au safari inamalizikia kwenye boti? Umeme unatoka wapi? Choo ni cha ndani au cha shimo? Duka na hospitali ya karibu viko umbali wa kilomita ngapi, na simu inashika mtandao? Pasipo na mtandao, kodi au nunua kifaa cha kutumia ujumbe kwa setilaiti, na umwachie ndugu karatasi yenye mahali mlipo na siku ya kurudi. Chakula kiongezwe cha siku mbili zaidi ya hesabu, kwa maana upepo ukivuma juu ya ziwa kubwa, boti hubaki gatini hata kama ratiba inasema vingine.

Suala la maji linahitaji uangalifu kuliko mengine yote. Ziwa la kaskazini huwa na maji maangavu kiasi kwamba mtu hushawishika kuyanywa kwa kiganja, lakini uangavu huo hauzuii Giardia, kimelea kinachoingia majini kupitia kinyesi cha wanyama na cha watu na kusababisha kuhara kwa muda mrefu. Chemsha maji mpaka yatokote kwa nguvu dakika 1 nzima. Maji yakiwa na utando wa kijani unaofanana na rangi iliyomwagika, hapo kuchemsha hakusaidii, kwa sababu sumu ya aina hiyo ya mwani haiondolewi na moto. Watoto na mbwa wasiingie, na mnywe maji mliyoyabeba.

Kuogelea nako kuna siri yake. Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzijoto 4, kwa hiyo wakati wa kiangazi tabaka la uvuguvugu huelea juu ya maji baridi, na mtoto anayepiga mbizi mita chache tu anaweza kukutana na baridi asiyoitarajia. Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, aliyetafiti athari za baridi mwilini, anaieleza hatari ya kutumbukia katika maji ya baridi kali kwa tarakimu tatu: dakika 1 ya kutweta ambayo aliyetumbukia anapaswa kujitahidi kuituliza pumzi, dakika 10 za kuweza kutumia mikono na miguu ipasavyo, na takriban saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Ndiyo maana jaketi la kuokolea maisha huvaliwa tangu gatini; lililowekwa chini ya kiti cha boti halimfai aliyekwisha kutumbukia. Pangeni pia zamu ya mtu mzima mmoja kuwaangalia waogeleaji, asiye na simu mkononi wala pombe kichwani. Sheria nyingine za likizo zinaweza kulegezwa, hii isilegezwe hata kama wajomba watanuna.

Ndani ya nyumba, hofu kubwa ni kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu itokanayo na injini na moto, ambayo haina harufu. Jenereta likae nje, angalau mita 6 kutoka kwenye madirisha na milango, jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata mvua ikinyesha, na mje na king'ora cha gesi hiyo kinachotumia betri. Kuni zinunuliwe hukohuko, kwa kuwa wadudu wanaoangamiza misitu husafiri ndani ya magogo. Huko Kanada, mahali penye dubu, mabaki ya chakula na takataka zisilale nje, na wavu wa kuchomea nyama usafishwe usiku uleule. Kwa siku za mvua, karata na vitabu vinatosha.

Siku ya kuondoka amkeni mapema. Ondoeni chakula chote, hata punje zilizo chini ya meza, maana panya wa msituni hawahitaji mwaliko. Fungeni mtungi wa gesi, pakieni takataka zenu, kisha andikeni vitu mlivyovikosa wiki nzima wakati bado mnavikumbuka, kuanzia kopo la chumvi hadi betri za kurunzi.