Somo: Gari limegoma kuwaka ghafla, tumia masikio kabla ya spana

Habari za jioni wadau. Wiki hii nimepigiwa simu na watu watatu, kilio chao kimoja: gari limelala zima, asubuhi limegoma. Wawili kati yao walikuwa wameshauziwa stata (mota inayozungusha injini ili iwake) kabla hawajanitafuta. Imeniuma, ndiyo maana nimekaa kuandika somo hili. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Mwanza, na ninawaandikia hasa wenye magari madogo ya petroli tuliyonayo wengi: IST, Raum, Spacio, Probox, Premio, Noah. Mwenye dizeli asome pia, kisha aulize chini.

Hatua ya 1: Tulia, piga stata mara moja tu

Gari likigoma, mkono unawasha kurudia kubana ufunguo. Usifanye hivyo. Stata ya gari dogo inavuta zaidi ya ampia 100, na kila unapoirudia unamaliza umeme uliobaki kwenye betri. Piga kwa sekunde tano, acha, sikiliza. Hata baadaye ukihitaji kurudia, usizidishe sekunde kumi, kisha ipumzishe dakika nzima ipoe.

Hakikisha gia ipo P. Likigoma kwenye P, jaribu N. Likiwaka kwenye N, tatizo ni swichi ya gia, na unaweza kufika nalo gereji bila kuvutwa. Kwa magari ya kubonyeza kitufe, kanyaga breki sawasawa. Kama betri ya rimoti imekufa, kwa Toyota nyingi unagusisha rimoti yenyewe kwenye kitufe, halafu unabonyeza.

Hatua ya 2: Umesikia nini?

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Gari likigoma linakupa jibu moja kati ya haya: kimya, tik-tik, au linazunguka vizuri lakini haliwaki. Kila jibu lina njia yake, na hazichanganywi. Mtu anayekushauri ubadilishe pampu ya mafuta wakati stata haizunguki kabisa, hajakusikiliza wewe wala gari.

Kimya, au tik-tik

Washa taa kubwa, mtu asimame mbele aziangalie wakati unapiga stata. Zikififia sana au kuzima, umeme hautoshi: ama betri imeisha, ama umeme upo lakini haupiti. Tik-tik ya harakaharaka nayo inasema hivyo hivyo. Zikibaki na mwanga wake ule ule na stata iko kimya, basi amri ya kuiamsha stata haifiki, na hapo ndipo unapoangalia fyuzi, rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme), swichi ya funguo na swichi ya gia. Ukisikia TAK moja nzito kisha basi, hapo stata yenyewe inaingia kwenye orodha ya washukiwa. Lakini isiwe ya kwanza.

Ya kwanza ni teminali za betri. Nitakaa hapa kidogo.

Kabla sijawa fundi, gari langu liligoma nikiwa kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga. Nilikuwa nimezima injini, redio na feni vinaendelea. Zamu yangu ilipofika, tik. Akaitwa fundi, akafungua stata, akafunga nyingine ya mtumba, gari likawaka. Nililipa na kushukuru. Wiki mbili baadaye, tik tena, na stata "mpya" ikiwa ndani. Nilikuja kuelewa nilipojifunza kazi hii: huwezi kufungua stata bila kwanza kuchomoa teminali ya betri. Yule fundi aliichomoa, akairudisha, akaikaza. Kilichoponya gari ni kule kukaza, wala siyo stata. Ndiyo sababu utamkuta mtu anaapa kabisa kwamba stata yake ilikuwa mbovu, na hasemi uongo, ndivyo alivyoona.

Kwa hiyo shika kibano cha teminali kwa mkono ukizungushe. Kikizunguka, umepata mgonjwa. Spana namba 10 inatosha kwa magari mengi. Fungua hasi kwanza, kisha chanya. Wakati wa kufunga, chanya kwanza, hasi mwisho. Ukikuta unga mweupe au wa kijani, koroga kijiko cha magadi, yale yale ya jikoni, kwenye maji ya uvuguvugu, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza, kausha, kaza. Maji ya magadi yasiingie ndani ya betri, yataua asidi. Fuata pia waya wa ethi, ule mweusi unaotoka hasi kwenda kwenye bodi na kwenye injini. Ukiwa umelegea au umeliwa na kutu, gari litafanya vituko vyote vya betri mbovu hata kama betri ni ya jana.

Kama una multimita (mita ya kupima umeme), nunua ugomvi na namba, siyo na mtu. Betri iliyojaa na iliyopumzika inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12, imeisha. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Injini ikiwaka, usome kati ya 13.8 na 14.5, ikibaki 12 na kitu, alteneta haichaji na kesho utarudi pale pale. Halafu kuna kipimo ambacho wengi hawakifanyi: ncha moja ya mita iweke kwenye nguzo ya risasi ya betri yenyewe, ya pili kwenye kibano kilichoishika, kisha mtu apige stata. Hapo panatakiwa kusoma karibu na sifuri. Ukiona nusu volti au zaidi, umeme unapotelea hapo hapo mbele ya macho yako.

Kubusti (kuazima umeme wa gari jingine) kwa usalama

Magari yasigusane. Waya mwekundu kwanza kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Betri hutoa gesi ya haidrojeni, na ncha ya mwisho ndiyo inayotoa cheche. Cheche hiyo isitokee juu ya gesi. Liache gari zima lingurume dakika tano, ndipo upige. Kutoa ni kinyumenyume. Ukichanganya chanya na hasi unaweza kuunguza fyuzi kuu, alteneta, hata kompyuta ya gari, kwa hiyo angalia alama mara mbili, hasa usiku.

Linazunguka vizuri, haliwaki

Hapa iachie betri heshima yake, imefanya kazi. Injini inakosa mafuta au moto, yaani cheche za plagi.

Anza na taa ya dashibodi yenye alama ya funguo au gari na kufuli. Ikimulika wakati swichi imewashwa, gari halijautambua ufunguo wako. Jaribu ufunguo wa akiba.

Kisha mafuta, na hapa watu wa Mwanza tuna ugonjwa wetu. Tunaishi juu ya miamba. Ukipaki Isamilo, Mabatini au kule nyuma ya Bugando gari likiwa limeelekeza pua juu na taa ya mafuta inawaka, petroli iliyobaki inakimbilia upande mmoja wa tenki na pampu inavuta hewa. Asubuhi unaita fundi. Ongeza lita tano, au literemshe polepole mpaka pa tambarare ukiwa na mtu wa kuweka jiwe kwenye tairi, ujaribu tena. Kumbuka injini ikizimwa breki zinakuwa ngumu na usukani mzito. Kama njia ni mbaya, subiri hizo lita tano.

Mafuta yapo? Fungua mfuniko wa tenki, mtu apige stata, wewe tega sikio. Unatakiwa usikie mvumo mwembamba wa pampu. Wengi wanawasha swichi tu, hawasikii kitu, wanasema pampu imekufa. Toyota nyingi haziamshi pampu mpaka stata izunguke. Kama kimya hata stata ikizunguka, fungua boksi la fyuzi chini ya boneti, tafuta iliyoandikwa EFI. Ikiungua weka nyingine ya ampia zile zile. Ikiungua tena, acha, usiweke kubwa zaidi wala kipande cha waya. Nimeona gari limeteketea kwa kipande cha waya.

Ukisikia harufu kali ya petroli baada ya kupiga stata mara kadhaa, mafuta yanafika na yamezidi. Kanyaga mafuta mpaka chini, shikilia hapo, piga stata kwa sekunde zisizozidi kumi. Magari mengi ya EFI (mafuta yanaongozwa na kompyuta) yanakata mafuta ukifanya hivyo na plagi zinakauka.

Na kama stata inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kama vile injini haina mzigo, acha mara moja. Huenda taimingi belti (mkanda unaoendesha valvu) imekatika, na kuendelea kuzungusha kunaweza kupinda valvu.

MASWALI YA WANACHAMA

Nyegezi: Mkuu shukrani kwa somo. Betri yangu ina miezi minne. Gari likilala siku mbili, halina kitu. Nimeambiwa ninunue betri kubwa zaidi.

Jibu: Usinunue, mkuu. Betri kubwa itakufa siku ya nne badala ya pili. Pima kwanza chaji injini ikiwaka. Ikiwa ni 14 na kitu, kuna kitu kinanyonya usiku. Zima kila kitu, subiri nusu saa, unganisha mita upande wa ampia 10 kati ya nguzo ya hasi na waya wake. Isizidi sana miliampia 50. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke; hiyo ndiyo njia ya mwizi. Alamu na redio zilizofungwa baadaye ndizo ninazozikuta mara nyingi. Usipige stata mita ikiwa hapo, utaiunguza.

Igoma: Mwangaluka kaka. Gari langu ni otomatiki, vijana wa hapa wanataka kulisukuma liwake. Niwaruhusu?

Jibu: Mwangaluka dada. Usiwaruhusu, watachoka bure. Kwenye otomatiki ya kawaida, pampu ya gia inaendeshwa na injini. Injini ikiwa imezima hakuna presha ya kuunganisha magurudumu na injini. Kusukuma ni kwa gari la manyuo (gia za mkono). Tafuta waya za kubusti.

Mtaa wa jirani na Mto Mirongo: Juzi mvua kubwa nilipita kwenye maji, gari likazima katikati. Sasa nikipiga stata inagonga "ng'" na kusimama. Betri nzima.

Jibu: Usipige tena, nakuomba sana. Maji yakiingia kwenye silinda hayakandamiziki kama hewa. Stata ikilazimisha, koneti (mkono unaoshika pistoni) inaweza kupinda na umepoteza injini. Angalia kichujio cha hewa. Kikiwa kimelowa, livute mpaka gereji, plagi zitolewe zote, ndipo injini izungushwe iteme maji. Oili iangaliwe pia. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwagwe.

Kirumba: Huu unga kwenye teminali si ni upepo wa ziwa?

Jibu: Hapana. Ziwa letu ni maji baridi, halina chumvi ya Dar es Salaam. Unga huo unatokana na mvuke wa asidi ya betri yenyewe. Unga ukirudi kila mwezi, pima chaji. Huenda inazidi volti 15 na betri inachemka.

Sengerema: Mimi nina Hiace ya dizeli. Asubuhi nazungusha sana ndipo iwake, mchana haina shida.

Jibu: Juu ya kichujio cha dizeli kuna pampu ya mkono. Kesho asubuhi, kabla ya kupiga stata, ibonyeze mpaka iwe ngumu. Ikiwaka papo hapo, usiku inaingiza hewa. Kagua mipira na vibano kutoka tenki hadi kichujio. Kama haijabadilika, pima plagi za joto.

Misungwi: Wiki iliyopita gari langu (petroli) lilizima likiwa la moto, nikiwa juu ya Daraja la Kigongo–Busisi. Stata inazunguka vizuri. Baada ya nusu saa likawaka lenyewe. Leo limerudia Usagara. Nimeshauriwa nibadilishe pampu.

Jibu: Pole sana mkuu, lile daraja lina kama kilomita tatu, siyo pa kuzimikiwa. Likirudia, taa za dharura kwanza na pembetatu nyuma. Kuzima likiwa la moto na kuwaka likipoa kunaweza kuwa pampu, kunaweza kuwa sensa ya krenki (inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka). Kabla hujanunua chochote, siku likizima fanya mambo mawili kabla halijapoa: piga stata ukiangalia mshale wa mizunguko ya injini, uone kama unatikisika au umelala kwenye sifuri, halafu fungua mfuniko wa tenki, mtu apige stata, usikilize mvumo. Mshale ukilala, namshuku sensa. Mvumo usiposikika, angalia sensa kabla hujailaumu pampu, kwa sababu kompyuta isipoona krenki inazunguka huwa inaikatia pampu umeme. Niandikie hapa ulichokiona kwa yote mawili, na mwaka wa gari, tuendelee kutoka hapo.