Namna ya Kuifanya Misuli ya Tumbo Ionekane

Kila mtu anayeweza kuinuka kitandani bila kushikwa mkono tayari anayo misuli ya tumbo. Ni jozi ya misuli mirefu iliyosimama wima kutoka kwenye mfupa wa kinena hadi kwenye mbavu, ikitenganishwa katikati na utepe mweupe wa kano, na kukatwa na kano nyingine za mlalo ambazo ndizo zinazoleta vile vipande ambavyo vijana huviita siksipaki. Idadi na mpangilio wa vipande hivyo mtu huzaliwa navyo: wapo wenye vinne, wapo wenye sita, wachache wana vinane, na wapo ambao vya kushoto havilingani na vya kulia. Hakuna zoezi linaloweza kulibadilisha jambo hilo. Tunachoweza kubadilisha ni unene wa misuli yenyewe na unene wa tabaka la mafuta lililolala kati ya misuli na ngozi. Wengi wa walionijia kuuliza habari hii walikuwa wamekwama kwenye mafuta, huku nguvu zao zote wakizimalizia kwenye sitapu.

Imani kwamba tumbo likiwaka moto kwa mazoezi basi mafuta yake yanayeyuka imewapotezea watu muda mwingi, na inafaa iondolewe mapema. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1984, wanaume 13 walipiga jumla ya sitapu 5,004 kwa siku 27, kisha seli zao za mafuta zikapimwa tumboni, mgongoni na makalioni. Seli zilipungua ukubwa kwa kiasi kinachofanana sehemu zote, na tumbo halikupata upendeleo wowote. Kabla ya hapo, mwaka 1971, wachezaji wa tenisi walipimwa mikono, na mkono unaoshika raketi, pamoja na kufanya kazi kubwa zaidi kwa miaka mingi, ulikutwa na mafuta ya unene uleule chini ya ngozi kama mkono wa pili. Mwili huchota akiba yake ya mafuta kutoka kila mahali kupitia damu, kwa utaratibu unaoamuliwa na homoni na urithi, na kwa wanaume wengi tumbo la chini ndilo la mwisho kuachia.

Kwa hiyo ni lazima mafuta ya mwili mzima yapungue. Kwa mwanamume, vipande huanza kuonekana vizuri mafuta yanapokuwa takriban asilimia 10 hadi 14 ya uzito wake. Kwa mwanamke ni takriban asilimia 16 hadi 22, kwa kuwa mwili wa mwanamke unahitaji mafuta zaidi ili ufanye kazi zake za kawaida. Chukua mfano wa mwanamume mwenye kilo 80 ambaye asilimia 22 ya uzito huo ni mafuta. Ana kilo 17.6 za mafuta, na zile 62.4 zilizobaki ni misuli, mifupa, maji na viungo vingine. Ili afike asilimia 12 bila kupoteza misuli, itambidi ashuke hadi kilo 71 hivi, yaani apunguze kilo 9. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700, kwa hiyo akila pungufu ya mahitaji yake kwa kalori 500 kila siku atapoteza karibu nusu kilo kwa wiki, na safari yake itachukua takriban wiki 20. Anayemwahidi mtu wa namna hii tumbo la kuchongeka kwa siku 30 anamdanganya, na akijaribu kufika kwa haraka hiyo kwa kujinyima chakula, atapoteza pia misuli ileile aliyotaka ionekane.

Mahitaji yako ya kila siku usiyakisie kwa kanuni za mtandaoni peke yake. Kwa wiki mbili kula kama ulivyozoea, andika kila unachokula na kunywa, na jipime uzito kila asubuhi baada ya kwenda msalani. Ikiwa wastani wa uzito haukusogea, basi wastani wa kalori ulizoandika ndio unaokutosha, na kutoka hapo unapunguza 400 au 500. Kazi hii inachosha, lakini wiki mbili hizo hufundisha zaidi ya mwaka mzima wa kubahatisha.

Watu wengi wakiandika kwa uaminifu hugundua kwamba mkosaji hakuwa ugali waliokuwa wakiulaumu. Ni mafuta ya kupikia. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, ya alizeti au ya mawese, kina takriban kalori 120, na katika majiko yetu mafuta hayapimwi: humiminwa kutoka kwenye dumu hadi vitunguu vielee, kisha mboga ikiungwa huongezwa kidogo ili ing'ae. Mchicha uliochemshwa ni chakula chepesi kabisa. Mchicha huohuo ukiungwa kwa vijiko vitatu vya mafuta unakuwa na kalori 360 za ziada ambazo hazikuongeza shibe yoyote ya maana. Tui zito la nazi nalo, kikombe kimoja, hupita kalori 400. Sisemi mtu aache nazi, kwani maharage ya nazi ni urithi wetu na yana lishe nzuri. Ninasema tumia tui jepesi, na kwa mafuta tafuta kijiko kimoja kikae jikoni kwa kazi hiyo tu, ili chungu cha watu wanne kipate vijiko viwili vilivyopimwa. Mimi nilipoanza kutumia kijiko nyumbani sikubadilisha chochote kingine kwa mwezi mzima, na bado mkanda wa suruali ulirudi tundu moja nyuma.

Baada ya mafuta angalia vinywaji. Kijiko cha chai cha sukari kina takriban kalori 16; anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu, anakunywa karibu kalori 190 ambazo tumbo halizihesabu kama chakula. Soda na juisi za kununua ni vivyo hivyo, na pombe ina kalori 7 kwa kila gramu, karibu sawa na mafuta yenye 9. Chipsi mayai, maandazi, sambusa na kaimati za futari si haramu kwa mtu anayetafuta tumbo lililochongeka, ila kwa kuwa vyote vimezama kwenye mafuta, viwe vya siku moja moja na vihesabiwe. Wanaokula kwenye sinia moja na jamaa hawahitaji kuikataa sinia. Wapakue mapema sehemu yao ya wali kwenye sahani ndogo na kuiweka mbele yao, kwa kuwa anayechota pamoja na wenzake hawezi kujua amekula kiasi gani.

Unapopunguza nishati, protini lazima ipande, kwa sababu ndiyo inayoulinda msuli usiliwe na mwili, na ndiyo inayoshibisha zaidi. Kiasi kinachofaa ni gramu 1.6 hadi 2.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa yule mwenye kilo 80 ni angalau gramu 128, na hazihitaji unga wa protini wa bei kubwa: mayai matatu yana gramu 18, samaki au kuku aliyepikwa wa gramu 200 ana 50 hivi, kikombe cha maharage yaliyoiva kina 15, nusu lita ya maziwa ina 16, na gramu 30 za dagaa wakavu zina kama 18. Hizo ni 117, na unga wa ugali wenyewe unazimalizia zilizobaki. Ninawapenda sana dagaa kwa kazi hii, kwani ni wepesi, ni wa bei nafuu na huhifadhika. Shida huja wanapokaangwa hadi wakauke kwenye mafuta mengi. Wachemshe kwa nyanya, vitunguu na limao. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Mazoezi yana kazi mbili: kuuambia mwili kwamba msuli bado unahitajika, na kuunenepesha msuli wa tumbo ili ujitokeze hata kabla mafuta hayajaisha kabisa. Mara tatu kwa wiki fanya yale makubwa, yaani skwati, pushapu, na kujivuta juu kwenye bomba au tawi imara, kisha malizia na mawili ya tumbo. La kwanza ni kukunja tumbo ukiwa umelala chali, magoti yamekunjwa, huku umekumbatia dumu la maji la lita 5 kifuani. Usiinuke hadi ukae. Sogeza mbavu zako za chini zielekee nyonga, toa pumzi yote, tulia kwa sekunde moja, kisha rudi polepole. La pili ni kuning'inia na kuinua miguu, na hapa ndipo wengi hukosea, kwani hurusha mapaja na kuyumba, kazi ikafanywa na misuli ya mbele ya nyonga. Magoti yakishafika usawa wa kiuno, endelea kwa kuikunja nyonga yenyewe ielekee kifuani mpaka mgongo wa chini ujipinde. Nusu hiyo ya mwisho, ambayo ni fupi na ngumu, ndiyo ya tumbo. Fanya seti tatu za mara 8 hadi 15, na ukiona 15 zimekuwa rahisi ongeza uzito badala ya kuongeza idadi, kwa maana msuli wa tumbo hukua kwa kubebeshwa mzigo kama ule wa mkono. Siku nyingine tembea kwa haraka dakika 40.

Mikanda ya kutoa jasho huondoa maji ambayo yatarudi ukinywa bilauri mbili. Chai za kupunguza tumbo, nyingi zina sanamaki, nayo huharisha tu.

Usingizi ni sehemu ya kazi hii. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha mwaka 2010 kwamba watu waliokula chakula kilichopunguzwa walipoteza uzito unaokaribia kulingana walipopewa saa 8.5 za kulala na walipopewa 5.5, lakini kwenye usingizi mfupi sehemu ya uzito huo iliyotokana na mafuta ilipungua kwa asilimia 55. Kilichobaki kilitoka kwenye misuli na tishu nyingine.

Kwa kupima maendeleo, futikamba ya fundi cherehani ni ya kuaminika kuliko mizani zinazodai kusoma asilimia ya mafuta. Pima kitovuni, asubuhi kabla ya kula, mara moja kwa wiki, bila kuvuta tumbo ndani. Uzito na kiuno vikisimama kwa wiki tatu mfululizo, punguza kalori 100 au ongeza matembezi.

Njia hii haimfai mjamzito, anayenyonyesha, kijana ambaye bado anakua, wala aliyewahi kuugua kwa kujinyima chakula. Mwenye kisukari anayetumia insulini aanze na daktari. Aliyejifungua na kuona mstari unaotuna katikati ya tumbo anapojiinua, au mwenye ngiri ya kitovu, achunguzwe kwanza, kwani kukunja tumbo kunaweza kumwongezea tatizo. Mwanamke ambaye hedhi yake imekatika amekwenda chini mno na anapaswa kurudisha chakula mara moja, hata kama vipande bado havijaonekana.

Ukifika ulikotaka, usirudi ghafla kwenye sahani ya zamani. Ongeza kalori 100 hadi 150 kila wiki, kwanza kwa wali, viazi vitamu au ndizi, huku ukiendelea kupima kiuno, na pale kinapoanza kuongezeka rudi hatua moja nyuma: hicho ndicho kiwango chako kipya cha kila siku.