Mguu uliovunjika na kuharibika ateri: damu kwanza, mfupa baadaye

Hapa Goma mguu wa namna hii huletwa na risasi au pikipiki. Motari (dereva wa pikipiki ya abiria) anagongwa kwenye barabara ya Sake, goti linateguka au mfupa wa paja unavunjika karibu nalo, na ateri ya nyuma ya goti, yaani mshipa unaopeleka damu chini ya mguu, inachanika au inaziba, kwa sababu imeshikiliwa juu na chini na haina pa kukwepea. Picha ya eksrei inaonyesha mfupa, basi kila mtu anakimbilia mfupa. Lakini kinachoamua kama mguu utabaki ni ateri. Nawaandikia madaktari wenzangu mnaopasua mahali pasipo na bingwa wa mishipa.

1. Uliza saa. Si saa aliyofika, ni saa aliyoumia. "Mama, ajali ilitokea saa ngapi?" Andika jibu kwenye plasta uibandike pajani, lionekane mpaka chumba cha upasuaji. Misuli na neva zikikosa damu kwa saa 6 hivi huanza kufa, na mgonjwa aliyetoka Masisi huenda alishatumia nyingi njiani.

2. Nyoosha, kisha gusa. Mpe dawa ya maumivu, nyoosha mguu, ufunge kwa banzi, halafu tafuta mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo cha ndani. Yakirudi, bado pima presha ya kifundo kwa Dopla, kifaa cha kusikiliza damu ikipita, uilinganishe na ya mkono: ukigawanya ya kifundo kwa ya mkono ukapata chini ya 0.9, ateri ina shaka. Mapigo yasiporudi, au damu ikiruka, au uvimbe ukizidi kukua, nenda kupasua moja kwa moja. Tafadhali, usijifariji kwamba mshipa umejikaza tu kwa mshtuko. Maneno hayo yamepoteza miguu mingi.

Kama misuli imekauka ngumu kama ubao, vidole havihisi wala havisogei, hata ukivisogeza wewe havikubali, usirudishe damu. Potasiamu na sumu za misuli iliyokufa zitaufikia moyo na figo. Hapo kukata mguu ndiko kumwokoa mtu, na ndugu zake waelezwe hivyo waziwazi kabla ya kuingia.

3. Osha miguu yote miwili. Mguu mzima utatoa vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ya kupandikiza. Mlaze chali, goti likunjwe kidogo, ingia kwa upande wa ndani. Shika ateri juu ya jeraha, kisha chini yake, ndipo uguse bonge la damu. Pitisha katheta ya Fogarty (mrija mwembamba wenye puto nchani) namba 3 juu na chini kuvuta mabonge, halafu safisha kwa serumu ya chumvi yenye heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), yuniti 5,000 katika mililita 500. Heparini ya mwili mzima mpe tu ikiwa hakuna jeraha jingine linalovuja.

4. Weka mrija wa muda, upitishe damu kati ya ncha mbili za ateri wakati mfupa unasimamishwa. Hatua hii ndiyo inayomaliza ubishi wa nani atangulie, wa mifupa au wa mishipa. Kata kipande cha mrija safi wa dripu, au wa kulishia mtoto, unaokaribia upana wa ateri. Lainisha ncha zisikwaruze ndani. Funga uzi wa hariri katikati ili uone mrija ukihama. Ujaze serumu ya heparini, ingiza ncha ya chini kwanza, acha damu irudi isukume hewa nje, ubane, kisha ingiza ya juu. Funga kila upande kwa hariri na ufungue vibano. Sasa weka kidole kwenye unyayo: ukianza kupata joto, umepata muda. Daktari Eger na wenzake waliandika kuhusu njia hii mwaka 1971. Katika Vita vya Pili vya Dunia, askari wa Marekani waliofungwa ateri ya nyuma ya goti bila kuiunganisha, zaidi ya 7 kati ya 10 walikatwa mguu.

5. Simamisha mfupa kwa fiksateri ya nje (fremu iliyo nje ya mguu, inayoshikwa na pini za mfupani), pini zikae mbali na njia ya mshipa. Urefu wa mguu lazima urudi kabla hujapima vena ya kupandikiza. Vena iliyopimwa kwenye mguu uliofupika itachanika mfupa ukivutwa.

6. Unganisha ateri. Kata ncha zilizopondeka mpaka ufike kwenye ukuta mzima. Chukua vena ya safena (ile ndefu iliyo chini ya ngozi upande wa ndani) ya mguu mzima, kwa sababu huenda safena ya mguu ulioumia ndiyo njia pekee ya damu iliyobaki kurudi. Igeuze kichwa chini, vali zake zisizuie damu, shona kwa uzi wa prolini 6-0, kisha ifunike kwa msuli. Vena kubwa iliyokatika ishonwe pia, hali ikiruhusu.

7. Fungua vyumba vyote vinne vya misuli ya chini ya goti (mafungu ya misuli yaliyobanwa na utando mgumu), bila kusubiri uvimbe. Chale ya nje ipite sentimita 2 mbele ya fibula, ya ndani sentimita 2 nyuma ya ukingo wa ugoko, zote ndefu. Acha wazi.

Baadaye, muuguzi aguse mapigo kila saa kwa saa 24 za kwanza na kuangalia mkojo: ukiwa na rangi ya chai nzito, ongeza maji. Rudi kukagua jeraha baada ya saa 48, toa msuli uliokufa, na chale zisizofungika bila kuvutwa ziwekewe ngozi.