Kabla hujawafungulia wanafunzi ubao wa mtandaoni

Bando kwanza, mwalimu. Intaneti ya shule usiitegemee. Jaribu ubao huku kompyuta kadhaa zimefunguliwa kwa pamoja, si kwa simu yako peke yake ukiwa ofisini. Linki ifupishe, uiandike na kwa chaki. Padlet, tovuti ya kutengenezea mbao hizi, ukiitumia bure ina kikomo cha mbao, kwa hiyo futa za zamani mapema. Na kipindi kikiisha, pakua kazi kama PDF. Waliohifadhi masomo yao Jamboard wanajua kwa nini, maana Google waliifunga mwisho wa 2024.

Sasa hili la majina lisikilize vizuri.

Nilikuwa na Kidato cha Pili, Jiografia, wanafunzi 42 kwenye kompyuta 14, watatu watatu. Swali: maji ya nyumbani mnayapata wapi? Majibu yakaanza kushuka ukutani: bomba la jirani, kisima cha msikitini, boza. Nikajiona mwalimu wa kisasa kweli kweli. Mara ikatokea kadi isiyo na jina: "Kwa kina fulani maji si shida, kwani wanaoga?" Ila hapo kwenye "fulani" palikuwa na jina la binti, kamili.

Darasa likalipuka. Nabonyeza kufuta, kiduara kinazunguka tu. Nikasimama mbele ya projekta niizibe. Maneno yakanikaa kifuani, juu ya shati jeupe, wakazidi kucheka. Ilipita muda mpaka nikakumbuka kuchomoa waya. Aliyeandika simjui hadi leo. Binti akahamia dawati la nyuma, na kila siku ya kompyuta alikuwa anaumwa tumbo.

Kosa langu. Asiyeingia kwa akaunti anaandika bila jina, na usipobadilisha mipangilio kadi inaonekana papo hapo. Washa ile ya kadi kupita kwako kwanza, uzisome kwenye simu ndipo uziruhusu. Kila kikundi kianze na namba ya kompyuta yake. Kichujio cha matusi kiwashe, lakini usikiamini: sentensi ile haikuwa na tusi hata moja.

Mengine unayajua. Weka neno la siri. Linki usiitupe kwenye grupu la wazazi. Picha za watoto zisiwemo. Ukimaliza funga ubao, wasije wakaandika usiku. Na swichi ya projekta, ijue iko wapi kabla hawajaingia.