Kabla Hujapanda Basi na Mgonjwa wa Sukari

Desemba inakaribia, na sisi watu wa Kilimanjaro tuliotapakaa Dar es Salaam tumeshaanza kukata tiketi. Kama safarini utakuwa na mtu wa kisukari, hasa anayejidunga insulini au anayemeza vidonge vya kushusha sukari vya glibenklamaidi, yasome haya kabla hujafunga begi.

Dawa. Hesabu za siku zote mtakazokaa, kisha ongeza za wiki nzima. Usiseme utanunua mkifika: maduka ya dawa yapo, ila siku ya sikukuu utakuta kufuli. Sindano vilevile, pamoja na chupa ngumu ya plastiki ya kutupia zilizotumika.

Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi. Buti la basi wakati wa mchana ni tanuri, na insulini haipendi joto. Kichupa ambacho hakijafunguliwa hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Kilichoanza kutumika kwa kawaida huvumilia joto la chumbani lisilozidi nyuzi 30 kwa wiki 4 hivi, lakini soma karatasi yake kwanza. Wala usikilaze juu ya barafu. Insulini iliyoganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Chukua chupa ya chai yenye mdomo mpana, ipoze kwa maji baridi, yamwage, kisha weka kichupa ndani kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa. Mpaka Moshi kitafika salama.

Kipimo cha sukari na vijiti vyake. Angalia tarehe ya kuisha, angalia betri, funga kikopo cha vijiti barabara kwa sababu unyevu huviharibu. Na kabla ya kutoboa kidole, kinawe na kikauke. Mtu aliyetoka kumenya embe akapima bila kunawa, mashine itasoma sukari ya embe, naye atajidunga kwa sukari ambayo hana mwilini.

Sasa chakula, na hapa naomba utulie.

Mama yangu alikuwa anatumia insulini ya mchanganyiko, ile ya asubuhi na jioni. Kliniki walimwambia ajidunge nusu saa kabla ya kula. Siku ya safari basi letu lilikuwa la saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri akajidunga kama kawaida, akanywa chai ya rangi isiyo na sukari, akasema tumbo halijaamka, atakula Chalinze. Nikakubali. Kutoka Dar mpaka Chalinze ni kilomita mia na kidogo, nikaona ni saa mbili tu. Mfuko wa chakula nikaukabidhi kwa konda auweke chini pamoja na mabegi.

Baada ya Mlandizi kulikuwa na lori limelala barabarani. Magari yakasimama. Saa mbili ikapita, ikaingia saa tatu, hatujasogea. Mama akaanza kutokwa na jasho. Dirisha lilikuwa wazi na upepo unaingia, lakini shingo yake ilikuwa imelowa, na nilipomshika alikuwa wa baridi. Nikafikiri ni uchovu wa kuamka mapema. Mikono ikaanza kumtetemeka. Akaniita kwa jina la dada yake aliyefariki, akaniuliza kwa nini sijafunga mbuzi. Hapo ndipo moyo ulinipasuka.

Abiria wakaanza kusema. Mmoja presha, mwingine tumwombee. Nikasema ana sukari. Kijana wa kiti cha mbele akanipa soda yake, nikaifungua, na baba mmoja akanishika mkono: "Dada, mgonjwa wa sukari humpi soda! Unataka kumuua mama yako?" Basi zima likamuunga mkono. Nami nikairudisha ile chupa. Miaka sita nilikuwa nampeleka kliniki, na bado niliirudisha, kwa sababu neno nililolishika kuliko yote lilikuwa kwamba sukari ni adui yake.

Aliyemwokoa ni mama mmoja wa viti vya nyuma, mwenye mtoto anayejidunga insulini tangu ana miaka 7. Alikuja akisukuma watu. Akaniuliza maswali mawili tu: "Kajidunga? Kala?" Hakusubiri nimalize. Akamwinua mama kichwa, akahakikisha anameza, akamnywesha ile soda kidogo kidogo mpaka nusu ya chupa. Yapata robo saa baadaye mama alifumbua macho vizuri, akauliza mbona watu wamejaa. Yule mama akatoa mkate kwenye mfuko wake, akamlisha.

Nilichokuja kuelewa baadaye, kliniki, ni hiki. Insulini ni mlinzi wa mlango: huiondoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye misuli na mafuta ya mwili. Kongosho la mtu mzima wa afya hupunguza insulini lenyewe chakula kisipokuja. Insulini ya sindano haina akili hiyo. Ukishaidunga itafanya kazi, umekula hujala. Sukari ya damu ikishuka chini ya 4 (milimoli kwa lita), mwili hutoa jasho, hutetemeka, moyo huenda mbio. Ikizidi kushuka, ubongo, ambao hauna ghala la kuweka sukari yake, huanza kupotea, na mtu huongea ovyo kama mlevi, hupata degedege, huzimia. Glibenklamaidi nayo inaweza kufanya hivyohivyo.

Kwa hiyo sindano ifuate sahani. Chakula kiwe mikononi mwako unakiona, ndipo adunge. Siku ya safari za alfajiri, muulizeni daktari au muuguzi wa kliniki mapema namna ya kupanga dozi. Msipange wenyewe kwa kubahatisha.

Na mkobani, siyo chini ya basi, kuwe na sukari ya haraka: soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari, au glukosi ya unga, au sukari ya mezani, vijiko vitatu hadi vinne vya chai kwenye maji. Mpe hiyo, subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado chini ya 4, rudia. Ikipanda, mpe mkate au ndizi, kwa sababu sukari ya soda huisha upesi na insulini bado ipo. Kama huna kipimo, mpe vilevile. Sukari ikipanda kidogo kwa bahati mbaya, mtaishusha. Ikiporomoka huna muda wa kubishana na abiria. Akishazimia usimtie chochote mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu na mtafute hospitali awekewe glukosi kwenye mshipa. Na kama anameza glibenklamaidi, mpeleke hospitali hata akizinduka, kwani dawa hiyo hukaa mwilini saa nyingi na anaweza kushuka tena.

Mwandikie karatasi ya mfukoni: ana kisukari, anatumia dawa gani, akichanganyikiwa apewe sukari, namba ya ndugu. Mwambie konda mapema. Mwambie na jirani wa kiti.

Viatu viwe vya kuingia vizuri, maana miguu huvimba kwa kukaa. Mkisimama Korogwe ashuke atembee. Anywe maji, asijinyime kwa kuogopa choo.

Mkifika nyumbani, mengine yanaanza. Wenye ganzi miguuni wasikae karibu na moto wa kuni kuota. Mguu usiohisi utaungua na mwenyewe yupo anapiga hadithi. Wasitembee peku mgombani. Mbege, kama hawezi kuikataa kwa wazee, iwe kidogo na baada ya kula, kwa sababu pombe hulizuia ini kutoa sukari yake ya akiba, na usiku akishuka kila mtu atasema amelewa, mwacheni alale. Atatokea shangazi na chupa ya mizizi ya kumaliza sukari kabisa. Mshukuru, na insulini iendelee.

Usiku wa kwanza asilale chumba cha peke yake, amechoka na ratiba ya kula imevurugika. Mpimeni kabla ya kulala, na chupa ya soda iwe mahali anapoifikia bila kuwasha taa.