Mdogo wako wa Lamu anataka kufanya SAT: wewe uliye ughaibuni ufanye nini

SAT ni mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani. Kwanza muulize anaomba vyuo gani. Vyuo vya University of California havitazami SAT kabisa, hata alama ziwe nzuri vipi. MIT walirudisha sharti la mtihani 2022. Harvard, Brown na Dartmouth wakatangaza hivyo 2024. Kwingine kwingi ni hiari. Kama orodha yake yote ni hivyo vya University of California, hiyo ada ya mtihani mnunulie vitabu.

Akaunti ya College Board, wenye mtihani huu, aifungue mwenyewe. Wewe toa kadi ya kulipia. Jina liwe herufi kwa herufi kama la pasipoti. Hapa ndipo watu wa pwani wanapoumia: cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, pasipoti Muhammad, nawe huko umezoea kuandika Mohammed. Kwa tofauti hiyo anaweza kurudishwa mlangoni. Kama hana pasipoti, ianze hiyo, miezi kabla.

Mtihani hufanywa kwenye programu ya Bluebook. Simu haikubaliwi. Mtumie laptopu ya Windows au Mac, au iPad. Chromebook ya bei nafuu usiinunue: inayokubaliwa ni ile inayosimamiwa na shule tu. Siku 1 hadi 5 kabla ya mtihani akamilishe matayarisho ndani ya Bluebook, ndipo apate tiketi ya kuingilia. Betri ihimili saa 3 au 4, maana soketi si lazima iwepo. Intaneti ikikatika katikati asishtuke, aendelee. Inahitajika mwanzoni na wakati wa kutuma majibu.

Kiingereza ni maswali 54 kwa dakika 64, hesabu 44 kwa dakika 70. Kila somo lina vipande viwili, na cha kwanza ndicho kinachoamua ugumu wa cha pili, basi asikiparamie. Kukosea hakupunguzi alama, kwa hivyo asiache swali tupu. Kikokotoo cha Desmos kimo humo humo. Akizoee kwenye mitihani ya majaribio, ambayo ni bure.

Atafute kituo Mombasa mapema, kabla nafasi hazijaisha akabaki na Nairobi. Milango kwa kawaida hufungwa saa mbili asubuhi. Wa Malindi anaweza kushawishika kuondoka alfajiri, mzuie. Wa Amu, yaani Lamu, ana mashua mpaka Mokowe, kisha basi la mchana kutwa, kwa hivyo alale Mombasa usiku wa kuamkia mtihani, hiyo haina mjadala.

Akishamaliza, ana siku 9 za kutaja vyuo 4 vya kutumiwa matokeo bure. Zikipita, kila chuo ni malipo.