Nywele na ngozi ya mtoto chotara: maji kwanza, mafuta baadaye

Nasuka nywele Hamburg, na wengi wanaonijia ni dada zetu waliozaa na Wajerumani, au Wajerumani waliozaa na watu wetu. Mtoto akifika miezi minne swali ni lile lile: "Dada, mbona nywele zinanyonyoka?" Za kuzaliwa hupukutika, kisogo kinabaki upara kwa kusuguana na godoro, halafu zinaota nyingine. Aliyezaliwa na singa anaweza kutimiza miaka miwili ana kipilipili. Kunyoa hakuzifanyi ziwe nzito. Kama mnanyoa kwa ajili ya akika au arobaini, nyoeni, hiyo ni mila.

Hatua ya 1: kuogesha. Mara mbili tatu kwa wiki zinatosha. Maji ya 37°C, dakika tano hadi kumi, sabuni kidogo isiyo na manukato.

Hatua ya 2: kupaka. Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo, umpake angali na unyevu. Huku hita za majira ya baridi zinakausha hewa, miguu inapauka kama iliyopakwa unga. Mafuta ya nazi sawa; ya zeituni niliyaacha, yanadhoofisha ngozi kavu. Pumu ya ngozi usiitafute kwa wekundu. Kwenye ngozi ya kahawia huja kama mabaka meusi au ya kijivu, ukipapasa panakwaruza. Hapo ni daktari.

Makalioni je, umeona baka la buluu? Ni la kuzaliwa, hufifia lenyewe kadiri anavyokua. Lakini mwombe daktari aliandike kwenye lile daftari la njano la mtoto mapema, kwa sababu mlezi wa chekechea asiyelijua atadhani mtoto amepigwa.

Hatua ya 3: kuchambua nywele, mara moja kwa wiki. Mlishe kwanza, mwenye njaa hasukiki. Lowanisha kwa chupa ya kupulizia, paka kondishena, gawa mafungu manne. Usishangae kukuta nywele za aina mbili: juu ya paji mawimbi, kisogoni vipilipili vilivyofungamana. Kisogo ndicho kinachotaka subira. Shika fungu karibu na ngozi kwa mkono mmoja ili kichwa kisivutwe, fungua mafundo kwa vidole, ndipo upitishe chanuo la meno mapana kuanzia nchani ukipanda kwenye shina. Nywele kavu usizichane kabisa. Malizia kwa tone la mafuta, yafungie yale maji ndani.

Ukoko wa utosini usiubandue kwa kucha. Ulainishe kwa mafuta robo saa, sugua kwa brashi laini, osha.

Hatua ya 4: mtindo. Mabutu mawili yaliyolegea basi. Ukiona vipele kwenye mstari wa nywele, fumua leo leo. Shanga bado, atazitia mdomoni. Dawa ya kulainisha nywele sipaki mtoto, hata mama akilia.

Usiku, kofia ya satini hapana. Inaweza kumteremkia usoni. Tandika shuka ya satini yenye mpira pembeni, ikaze sawasawa kwenye godoro.